Yasukuni, Miaka 80 Baada ya Vita

Asubuhi ya tarehe 15 Agosti, ukitoka kituo cha treni cha Kudanshita jijini Tokyo, hujafika hata njia panda mikono imeshajaa vipeperushi. Kimoja kinataka Katiba ibadilishwe. Kingine kinadai vitabu vya historia vya shule vinawadhalilisha mababu. Kuna chenye ramani ya visiwa vya Senkaku, ambavyo China nayo inavidai. Wanaovigawa ni kina mama waliovaa kofia za jua, vijana wa mashati meupe, wazee waliostaafu. Kila mmoja anakupa kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Barabarani magari meusi yenye vipaza sauti yanapita polepole yakipiga nyimbo za jeshi la zamani. Polisi wa kutuliza ghasia wamejipanga, kwa sababu mchana wapinzani wa hekalu huandamana karibu na hapo, na kila mwaka wapo wanaowangoja kwa matusi na ngumi.

Ilikuwa mwaka 2025, miaka 80 tangu Japani isalimu amri. Jua lilikuwa kali mno, na nyenje walipiga kelele mitini hata mtu akasikia kwa shida anachoambiwa na jirani yake. Nilipita chini ya lango la kwanza, nguzo mbili za chuma zinazopanda mita 25 angani, nikafuata umati hadi penye sanamu ya Omura Masujiro, mwasisi wa jeshi la kisasa la Japani. Chini ya miti, ndani ya mahema, wasemaji walipokezana kipaza sauti. Wanaume waliovaa sare za jeshi la kifalme, viatu vya kamba na kofia zenye kitambaa cha kufunika shingo, walipita kwa mwendo wa gwaride na bendera ya jua lenye miale 16. Wengi wao wamezaliwa miongo baada ya vita kwisha. Watu waliwapigia makofi na kuwapiga picha.

Yasukuni ni hekalu la Kishinto lililoanzishwa mwaka 1869. Humo hakuna kaburi wala mfupa. Kilichopo ni orodha ya majina, zaidi ya milioni 2.46, ya waliokufa wakiutumikia ufalme, na kwa imani ya hekalu kila jina ni mungu. Wamo pia Wakorea wapatao 21,000 na Wataiwani wapatao 28,000 waliopelekwa vitani nchi zao zikiwa makoloni. Baadhi ya jamaa zao wamekwenda mahakamani wakitaka majina yatolewe, na hekalu limewajibu kwamba roho zikishaunganishwa hazitenganishwi.

Kisha wapo wale 14. Oktoba 1978 hekalu liliwaingiza kimyakimya viongozi waliohusishwa na mashtaka makubwa kabisa ya mahakama ya uhalifu wa kivita ya Tokyo, na wananchi wakaja kujua mwaka uliofuata kupitia magazeti. Yumo Tojo Hideki, waziri mkuu wa wakati wa vita. Yumo Matsui Iwane, jenerali aliyeongoza majeshi yaliyoiteka Nanjing mwaka 1937. Wote wawili walinyongwa Desemba 1948. Mfalme Hirohito, ambaye askari walioorodheshwa hapa walikufa kwa jina lake, alifika hapa mara ya mwisho mwaka 1975. Hakurudi tena, na kumbukumbu za mhudumu wake zilizochapishwa mwaka 2006 zilionyesha kwamba kuingizwa kwa watu hao kulimuudhi. Mwanawe hakukanyaga hapa muda wote alipokuwa mfalme. Wanaojiita watetezi wa ufalme wanajazana mahali ambapo mfalme mwenyewe hapaendi, nami nashangaa jinsi jambo hilo lisivyowasumbua.

Wanasiasa, hata hivyo, huja. Siku hiyo alifika Takaichi Sanae, alifika waziri wa kilimo Koizumi Shinjiro, na Kamiya Sohei aliwaleta wabunge na madiwani wa Sanseito, chama ambacho mwezi mmoja nyuma kilikuwa kimenyakua viti 14 vya baraza la juu kwa kauli ya kuwatanguliza Wajapani kwanza.

Upande wa kulia wa hekalu kuna jumba la makumbusho, Yushukan. Ukumbi wa mbele ni bure. Ukitaka kuendelea ndani unalipa yeni 1,000. Ukumbini kuna ndege ya kivita aina ya Zero, imepigwa rangi ikang'aa, na watoto wanapigwa picha mbele yake. Karibu yake kimesimama kichwa cha garimoshi, C5631, cheusi, magurudumu yamepakwa mafuta kana kwamba kesho kinasafiri. Kilitumika kwenye reli ya Thailand na Burma iliyokamilika mwaka 1943. Maelezo niliyotafsiriwa na mwenyeji wangu, Mjapani aliyesomea Kiswahili Osaka, yalisifu kazi ya reli na juhudi za kukirudisha nyumbani. Wafungwa wa vita zaidi ya 12,000 waliokufa wakijenga njia hiyo, pamoja na vibarua wa Asia wanaokadiriwa kufikia 90,000, sikuwakuta katika maelezo hayo.

Burma si neno geni kwetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye tope na malaria. Na kabla ya hapo kuna Khedive Ismail, meli iliyotoka Kilindini mwezi Februari mwaka huohuo ikielekea Colombo. Karibu na Maldivi, tarehe 12, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari za Kiingereza ziliizamisha nyambizi hiyo siku ileile, na kwa desturi ya Yasukuni mabaharia wake ni miungu wa mahali hapa. Siwaonei kijicho kwa kuombewa. Ninachodai ni kwamba jumba linalojiita la kumbukumbu liseme pia walimuua nani.

Ndani, ukuta wa Nanjing una maneno machache: askari wa Kichina waliojificha katika nguo za kiraia waliadhibiwa vikali. Raia waliochinjwa hawatajwi. Roosevelt ndiye anayeonekana kuisukuma Japani vitani. Katika vyumba vya mwisho, ukutani zimepangwa picha ndogondogo za waliokufa, maelfu, na ndani ya masanduku ya kioo wamesimama wanasesere wa maharusi: vazi jeupe la hariri, nywele zimesukwa juu, uso mweupe usio na kasoro. Wametolewa na wazazi kwa ajili ya vijana waliokufa kabla ya kuoa. Pembeni mwa mmoja kulikuwa na picha ya kijana ambaye masikio yake yalikuwa bado makubwa kuliko uso. Hapo nilisimama muda mrefu, nikawaonea uchungu wazazi hao bila kinyongo chochote.

Nje, kwenye benchi, bibi mmoja alinisogezea nafasi kivulini. Baba yake alikufa New Guinea yeye akiwa mchanga.

"Bibi, huja kila mwaka?" nilimuuliza kupitia mwenyeji wangu.

"Mama alikuwa akija. Sasa naja mimi." Akafuta jasho kwa leso. "Baba hakupigwa risasi. Alikufa njaa. Na waliompeleka bila chakula nao wamewekwa humuhumu, naambiwa niwainamie pamoja naye."

Mwanahistoria Fujiwara Akira, aliyewahi kuwa afisa katika vita hivyo, alikadiria kwamba zaidi ya nusu ya askari wa Japani waliokufa waliuawa na njaa na maradhi yaliyotokana nayo. Hilo nalo sikulikuta ukutani.

Kwenye foleni ya kuomba nilizungumza na kijana, karani wa bima. Hakuwa mtu wa sare wala bendera. Alikumbuka Oktoba 2022, kombora la Korea Kaskazini lilipopita juu ya Japani na ving'ora vikalia. Alitaja meli za China zinazozunguka Senkaku. "Marekani wakichoka kutulinda, nani atatulinda?" Swali lake ni la haki, na anayelidharau hajatazama ramani.

Ibara ya 9 ya Katiba ya mwaka 1947 inakataa vita na inakataa nchi kuwa na jeshi, ila Vikosi vya Kujihami vipo tangu 1954. Sheria za mwaka 2015 ziliviruhusu kupigana kumsaidia mshirika. Desemba 2022 serikali ya Kishida ilipanga yeni trilioni 43 kwa miaka mitano, pamoja na makombora ya kufikia kambi za adui, na lengo la asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027. Takaichi, aliyekuwa Yasukuni asubuhi ile, akawa waziri mkuu Oktoba na kuliharakisha lengo hilo, litimie kabla ya Aprili 2026.

Mchana wa tarehe ile 15 Agosti, katika ukumbi wa Budokan ng'ambo ya barabara, kwenye hafla ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Ishiba, waziri mkuu wa wakati huo, alitaja majuto ya vita, neno ambalo mawaziri wakuu hawakuwa wamelitamka katika hafla hiyo tangu 2012. Ningeweza kuiamini Japani yenye silaha ambayo waziri mkuu wake husema hivyo kila mwaka. Inayonitisha ni silaha zinazonunuliwa na watu walioelimishwa historia yao Yushukan. Seoul na Beijing wanaogopa jambo hilohilo, na hofu yao inazaa silaha nyingine.

Kuibadilisha Ibara ya 9 kunahitaji theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, kisha kura ya maoni, kwa hiyo kijana yule ataulizwa. Alikuwa ameingia jumbani zaidi ya mara moja, hasa kwa ajili ya ndege. Nikamsimulia habari za Khedive Ismail. Akaniomba nimtajie jina la meli tena, taratibu, akaliandika kwenye simu, kisha akauliza majina ya watu wetu yako wapi. Nikamwambia: Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road.