Shangazi, Maharage Yamegoma Kuiva

Shangazi yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba yetu, ile uliyoniuliza kwenye simu, "Sasa mnaishi wapi hasa?" Ndiyo hii, na leo ipo Thermopolis, jimbo la Wyoming. Wiki iliyopita ilikuwa kando ya Mto Missouri, jimbo la South Dakota. Ni gari-nyumba la mita nane: kitanda nyuma, jiko la gesi la plate mbili, friji inayonifika kiunoni, na bafu ambalo ukiinama kuosha miguu, mgongo unafungua mlango. Miezi mitano sasa hatuna nyumba nyingine. Ile ya zamani naikumbuka siku ya kufua tu.

Jumatatu asubuhi tuliondoka Chamberlain, mji wa mtoni. Hatujaenda mbali tukakuta meza kando ya barabara: mahindi mabichi yamepangwa, kopo la kutia hela lipo, muuzaji hayupo. Hayupo kabisa, shangazi! Dazeni dola 6. Nikatia hela koponi, nikachukua mahindi yangu kumi na mawili, na nikajikuta nasema "asante" kwa sauti, na pale hakuna wa kuitikia. Ni mahindi matamu kama yametiwa sukari, laini hata asiye na meno anakula. Mbele yake mashamba ya alizeti, ungedhani umefika Singida, vichwa vyote vimeelemewa na mbegu, vimeinama kuelekea mashariki.

Kisha ni tambarare, na tambarare, na tambarare. Nyasi za mwisho wa kiangazi zimegeuka rangi ya simba. Panzi wanagonga kioo cha mbele mpaka mwenzangu, mkweo, akawa anasimama kila kituo cha mafuta kukisugua. Barabara inaruhusu maili 80 kwa saa, kama kilomita 130, lakini sisi tunakwenda mwendo wetu wa harusi na wenye haraka wanatupita wakitupungia mkono.

Mchana tukala kitu wanachokiita chislic. Nilipoona sahani tu nikasema, mishkaki! Vipande vya nyama vya mraba, ila hivi vimekaangwa kwenye mafuta mengi, vikanyunyiziwa chumvi ya kitunguu saumu, na vikaletwa na biskuti za chumvi na vijiti vya meno vya kudungia. Ndimu hakuna, pilipili hakuna. Nikatoa chupa yangu ya pilipili begini. Binti aliyetuhudumia akaomba aonje, akanywa glasi mbili za maji, halafu akaomba tena. Nilimwachia nusu chupa.

Upande wa magharibi wa jimbo saa inarudi nyuma, kwa hiyo tulifika Wall na saa nzima ya ziada, na mimi nikaitumia yote dukani. Vibao vya duka hilo, Wall Drug, vinakufuata njia nzima: maji ya barafu bure, kahawa senti tano. Nilidhani ni maneno ya biashara. Kumbe kahawa ni senti tano kweli, unajimiminia mwenyewe. Donati ndizo zenye bei, na ndizo zilizonirudisha dirishani mara ya pili.

Usiku ule tulilala bure kwenye nyika ya serikali, ukingoni kabisa, chini yetu mabonde ya Badlands yenye mistari ya waridi na kijivu kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Hapo hakuna bomba wala umeme. Unatumia tangi lako la maji na sola ya paani. Mkweo akafungua turubai la pembeni tupate kivuli cha kunywea chai. Upepo wa tambarare haubishi hodi, shangazi. Ulikuja mara moja, ukalinyanyua turubai na miguu yake, na mimi nimening'inia kwenye mguu mmoja huku jirani wawili, watu tusiowajua hata majina, wamekuja mbio kushika mwingine. Tulipata mpasuko wa urefu wa mkono mmoja tu. Mama mmoja wa gari la pili alileta sindano nene na uzi, tukashona hadi giza likaingia, na malipo yake yakawa mahindi manne.

Kesho yake tukapanda Black Hills, milima yenye misonobari myeusi. Ndani ya hifadhi ya Custer tulikaa kwenye foleni dakika arobaini kwa sababu nyati wameamua kuvuka barabara bila haraka. Nyati wa huku ana manyoya mazito mabegani, kama aliyevaa koti akasahau suruali. Hakuna aliyepiga honi. Mbele kidogo wapo punda wanaoomba chakula kwa wapita njia. Mmoja alitia kichwa dirishani, akanusa mapaja yangu, akaichukua chapati yangu nzima ya mchana. Nikamkumbuka punda wa Lamu anayebeba mawe kutwa. Huyu kazi yake ni kula tu.

Siku hiyo hiyo, kwenye kibanda cha magurudumu, mama wa kabila la Lakota alikuwa anakaanga mikate. Nilisimama kwa harufu kabla ya kuona. Unga, hamira, mafuta ya moto: andazi, shangazi, andazi bapa kubwa kama sahani, juu yake rojo la matunda ya porini la rangi ya zambarau. Dola 7. Akaniuliza kwetu tunaliitaje. Nikamwambia. Akalirudia "andazi" mara tatu taratibu, akiwa bado anageuza kwenye mafuta, kisha akaniongezea moja la mkononi. Nililila nimesimama, macho yangu yakiwa na maji kidogo, wala si kwa moshi.

Sasa maharage. Tulivuka milima ya Bighorn, huku Wyoming, kutokea mji wa Buffalo, barabara inayofika mita 2,946 pale juu. Mifuko ya chipsi kabatini ilivimba kama puto, na kopo la mtindi lilipofunguliwa likanirukia usoni. Tukaamua kulala huko juu, baridi ya kuvaa soksi mbili ingawa ni kiangazi. Nikabandika maharage saa nane mchana. Saa kumi na mbili bado yanagonga kijiko. Jirani, mzee wa kofia pana, akaja akanieleza kwa upole kwamba huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 90 tu, kwa hiyo hata ukeshe, yatakuwa yanaoga, hayapikwi. Akatuletea sufuria ya mchuzi wa viazi wa mkewe, tukala huo, sufuria yangu nikaifunika kwa kitambaa.

Asubuhi tukateremka kwa gia ndogo, breki zikipumzishwa kila baada ya kona kadhaa, hadi mji mdogo unaoitwa Ten Sleep, yaani Usingizi Kumi. Sufuria ya maharage niliipakata njia nzima.

Hapa Thermopolis kuna chemchemi za maji moto, na nyumba ya kuogea ya jimbo ambayo haina kiingilio. Unaandika jina, unaingia, dakika 20 tu, kisha wanakuita utoke. Maji yana nyuzi 40 na harufu ya yai. Nilikaa humo na vikongwe watatu wanaokuja kila siku kwa ajili ya magoti yao. Nikakutaja wewe na magoti yako, wakasema uje.

Niliporudi nikabandika tena sufuria ile, nikaongeza kopo la nazi. Mkweo amepita mara tatu kufunua mfuniko. Sasa hivi ananiita: yamepasuka, yameiva.

Wako akupendaye.