Saa ya Mkono wa Kushoto

Kaka yangu hufanya kazi Uarabuni. Alipokuja likizo mwaka 2022 aliniletea saa ya aina iitwayo siku hizi saa janja. Niliivaa kwa fahari kubwa. Walimu wenzangu walinizunguka, nami nikaieleza kana kwamba niliiunda mwenyewe. Taa ya kijani iliyo chini yake humulika ngozi. Damu huumeza mwanga wa kijani, basi kila moyo upigapo na mishipa kujaa, mwanga unaorudi hupungua, na kwa kupungua huko saa huhesabu mapigo. Ndani yake mna kidude kingine kihisicho mwendo wa mkono, na kwa hicho hukadiria hatua. Tena, simu ipokeapo ujumbe, saa hutetemeka taratibu juu ya ngozi, wala mtu wa pili hasikii.

Hilo la mwisho ndilo lililonitia aibu.

Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na mimi ni mmoja wa walimu waisimamiao amri hiyo kwa ukali. Jioni moja mvulana wa kidato cha pili alinijia ofisini. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Nilimkaribisha akaketi, akaanza kunieleza habari za baba yake kwa sauti ya chini, neno moja moja, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Simu yangu ilikuwa mkobani, imenyamazishwa. Saa ikatetemeka. Nikautazama mkono, kufumba na kufumbua tu. Ujumbe wenyewe ulikuwa tangazo la bei ya viatu. Nilipoinua macho, kijana alikuwa amekwisha kusimama.

"Samahani, mwalimu," alisema, "naona una haraka."

Nilimsihi akae. Alikataa kwa adabu, akaenda zake.

Usiku ule nilitafakari sana. Katika karne ya 19 wanaume wa Ulaya walizoea kutia saa mfukoni, na saa ya mkononi walihesabu kuwa pambo la wanawake. Vita vya 1914 hadi 1918 vikageuza mambo, kwani askari handakini hakuwa na mkono wa ziada wa kupekua mifuko. Tangu hapo saa imekaa mkononi, na kuitazama mbele ya mtu kumepata maana ambayo hata mtoto huielewa: maneno yako yamenichosha. Saa hizi mpya zimeurithi mkono ule na maana ile ile, kisha zikatufanya tuutazame mara nyingi kwa siku, hata tusipotaka kujua wakati. Simu huweza kuachwa mezani. Kivaliwacho hakina meza. Huingia nasi darasani, msibani na kitandani.

Msomaji asidhani nakichukia chombo hiki. Tangu mwaka 2018 zimeuzwa saa ziwezazo kuandika umeme wa moyo, na wako watu ambao waliambiwa na saa kwamba mapigo yao yanakwenda ovyo, wakawahi kwa daktari. Hilo si jambo dogo. Ninalolipinga ni kuiamini saa kupita kiasi, nami nilikuwa wa kwanza katika kosa hilo.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumtazama mama katika milima ya Taita. Nilimwomba aivae saa kutwa nzima, tuone atatembea hatua ngapi.

"Mwanangu," aliniuliza, "kwani miguu yangu imepotea hata ihesabiwe?"

Hata hivyo aliivaa. Alishuka chemchemi mara mbili, akapanda mlima na ndoo ya maji kichwani, mkono wa kushoto umeishika ndoo. Akarudi tena na mzigo wa kuni, vivyo hivyo. Jioni saa ilionyesha hatua chache kuliko zangu za siku moja ya kusimama ubaoni, na mchana ilikuwa imemtetemekea kumshauri ainuke, ajinyoshe kidogo! Mama alicheka hata akafuta machozi kwa leso. Sababu nilikwisha kuieleza mwenyewe kwa majivuno: saa huhesabu mkono upungao, na mkono wa mama ulikuwa umetulia chini ya lita 20 za maji. Mbele ya saa ile, mwanamke aliyefanya kazi tangu alfajiri alikuwa mvivu.

Hata zile hatua elfu kumi tuhimizwazo kila siku, asili yake ni biashara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kipima hatua cha kuvaliwa kiunoni, kikaitwa kwa Kijapani kipima hatua elfu kumi. Jina likapendeza, likageuka sheria.

Yule mvulana hakurudi muhula uliofuata. Baba yake alikuwa amepoteza kazi, na ada haikupatikana. Ndiyo habari aliyotaka kuniambia jioni ile. Sisi walimu tulipopata kujua, tulimwendea mjomba wake, na muhula wa tatu akarejea. Siku hizo saa ilikuwa inalala ndani ya droo tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Nilikutana naye langoni.

"Shikamoo, mwalimu," alinisalimu, lakini macho yake yalikwenda kwanza kwenye mkono wangu wa kushoto.