Kitabu kimoja, nyumba tatu

Katika nyumba nyingi za wilaya za Tarime na Serengeti, vitabu vinavyoonekana sebuleni ni vya aina mbili: Biblia na vitabu vya shule vya watoto. Kitabu cha hadithi, kile ambacho mtu hukishika kwa hiari yake jioni baada ya kazi, ni nadra. Si kwamba wazazi hawajui utamu wake. Wengi walisoma riwaya wakiwa sekondari, wakazijibia mtihani wa kidato cha nne, kisha wakaachana nazo. Sasa pesa ikipatikana kuna sare, madaftari na mahindi ya chakula. Maktaba ya mkoa ipo Musoma, na hiyo si safari ya kila wiki kwa mtu wa Mugumu au Sirari.

Wanawake watatu wa huku walijitafutia njia. Mmoja ni fundi cherehani mjini Mugumu. Wa pili ni wifi yake, dada wa mumewe, anayeuza ndizi sokoni Tarime. Wa tatu ni rafiki yao, mkulima katika kijiji kilicho jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua vitabu vitatu, lakini kila mmoja aliweza kununua kimoja.

Utaratibu wao ni mwepesi. Kitabu hukaa nyumba moja kwa mwezi, halafu huhama. Kikitoka Mugumu kwenda Tarime hufungwa kwenye kipande cha kitenge na kukabidhiwa kondakta wa basi, kikavuka Mto Mara na kupita Nyamongo pamoja na magunia na kuku wa abiria. Kila kitabu huvalishwa jalada la gazeti kuukuu, na ndani ya jalada hubandikwa karatasi yenye majina matatu. Anayemaliza kusoma haandiki kama kitabu ni kizuri au kibaya. Anaandika swali moja ambalo kitabu kimemwachia.

Kila mmoja ana namna yake ya kusoma. Rafiki wa kijijini husoma kwa tochi ndani ya kibanda cha shamba, mahindi yanapokaribia kukomaa na familia hukesha ili tembo wasiyamalize. Wifi wa Tarime husoma sokoni saa nane mchana, wateja wanapopungua. Fundi cherehani husoma kwa sauti usiku, taa ya sola ikiwa mezani. Wanaomsikiliza ni binti yake wa darasa la sita, mdogo wake wa kiume na mama mkwe, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Panapokuwa na neno gumu la Kiswahili, fundi hulieleza kwa Kikurya. Mumewe hukaa nje na redio yake, lakini hadithi ikikolea, sauti ya redio hupungua.

Kwa mama mkwe, kusomewa si jambo geni. Bibi huyo anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, alipokuwa mke mbichi. Watu walikusanyika kwa vikundi kusikiliza kipindi cha redio, kisha anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, na baada ya hapo wakajadili: choo kichimbwe wapi, maji yatunzwe vipi, mbu wazuiwe namna gani. Mkoa wa Mara ulikuwa umeshaonja elimu ya aina hiyo. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi, inayoitwa sasa Kagera, iliyofanyiwa majaribio ya kisomo cha watu wazima kwa msaada wa UNESCO. Katika vikundi vile msomaji mmoja alitosha kwa watu wengi, na kazi kubwa ilikuwa mazungumzo yaliyofuata baada ya kitabu kufungwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka ambao zamu ya Takadini ilifika Mugumu. Riwaya hiyo ya Ben Hanson imesomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari nchini. Inamhusu Sekai, mama anayejifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo mila yake haimruhusu mtoto huyo kuishi. Sekai anambeba mwanawe na kutoroka, hadi anapokelewa katika kijiji kingine. Kanda ya Ziwa inajua uchungu wa hadithi hiyo, kwa kuwa watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kuuawa huku. Watoto walisikiliza bila kusinzia. Usiku wa tatu mdogo wa kiume aliuliza kwa nini baba wa Takadini hakumtetea. Hakuna aliyemjibu. Nje, redio ilikuwa imezimwa kabisa.

Bibi ndiye aliyevunja ukimya. "Wazee wa huko nao walikuwa na hakika," alisema kwa Kikurya, kisha akaenda kulala.

Fundi alijua neno hilo limegusa nini. Binti yake alikuwa amefikisha miaka 12. Desemba ilikuwa inakaribia, na Desemba katika wilaya hizi si mwezi wa likizo na sikukuu peke yake. Kwa baadhi ya koo ndio msimu wa ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado kila msimu wako wasichana wanaokimbia makwao kwenda kujisalimisha katika nyumba salama ya Mugumu au kituo cha Masanga, Tarime. Shemeji yake mkubwa alikuwa ameshauliza mara mbili, kwa mzaha wa kiutu uzima, kama mtoto "anaandaliwa". Fundi hakutaka. Lakini hakujua aanzie wapi, kwa sababu watu aliopaswa kuzungumza nao ni wale aliowaheshimu kuliko wote: mama mkwe, ambaye alipitia tohara hiyo, na wifi yake, shangazi wa mtoto, ambaye naye aliipitia na ambaye familia ilimtegemea kusimamia shughuli yenyewe.

Hakusema kitu. Mwezi ulipoisha alikifunga kitabu kwenye kitenge na kukituma Tarime kama kawaida.

Takadini kilirudi mwezi Novemba. Fundi alifungua jalada la gazeti na kutafuta swali la wifi yake. Liliandikwa kwa kalamu ya bluu, chini ya jina lake: "Sekai angebaki, nani angekuwa upande wake?"

Jioni hiyo alimpigia simu.

"Shikamoo wifi. Swali lako nimeliona."

"Marahaba. Umelielewa?"

"Nimelielewa."

"Basi Jumapili nakuja."

Jumapili hiyo shemeji mkubwa naye alikuwapo. Chakula kilipoisha, mazungumzo yalifika yalikokuwa yakielekea. Shangazi wa mtoto hakupandisha sauti. "Mtoto mwakani ana mtihani wa darasa la saba," alisema. "Na shangazi yake ni mimi. Mimi simpeleki." Shemeji alimgeukia mama yake, akitarajia neno la mkubwa. Bibi aliendelea kuchambua mboga. Baba wa mtoto, ambaye hajawahi kukiri kwamba alikuwa akisikiliza hadithi zile kutoka nje, alisema ng'ombe wanahitaji maji, akanyanyuka. Suala halikuguswa tena siku hiyo, na Desemba ilipita binti akiwa nyumbani, akijifunza kushona vifungo.

Kitabu hakikuamua jambo hilo peke yake. Baba alikuwa ameshahudhuria mikutano ya viongozi wa dini na ya polisi wa dawati la jinsia, na mtoto mwenyewe alikuwa amefundishwa shuleni. Lakini watu wanne wa familia moja, waliokuwa wakikwepana kwa miezi, walipata hadithi ya mtu mwingine ya kuzungumzia kabla ya kulazimika kuzungumzia ya kwao. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe kwamba mila imekosea. Anaweza kumsomea kuhusu Sekai, kisha akanyamaza.

Si kila kitabu kinachozunguka katika nyumba zile tatu ni cha watoto. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, wanawake hao walikisoma wao wenyewe kwanza. Mwandishi wake alizaliwa Ukerewe, ng'ambo tu ya ziwa, na kwa muda riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni. Inahusu binti wa baba mkali na mlevi, anayelelewa kwa kipigo na vitisho, kisha anafika mbali na nyumbani bila mtu aliyemfundisha kujilinda. Walikubaliana kwamba watampa binti huyo akifika kidato cha tatu, na kwamba mama atakuwa karibu kuzungumza naye. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo kilisomwa na wote. Watoto wanaoishia kuokota taka jalalani badala ya kukaa darasani waliwafanya wadogo waulize maswali ambayo hayana jibu la haraka.

Mkoa huu una mfano wake mkubwa wa msomaji anayegawa alichosoma. Julius Nyerere wa Butiama alianza shule mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, sawa na binti wa fundi. Alipokuja kuzipenda tamthilia za Shakespeare hakubaki nazo peke yake. Alizitafsiri mbili kwa Kiswahili, na toleo la Juliasi Kaizari na lile la Mabepari wa Venisi yote yakatoka mwaka 1969, wakati akiwa na nchi nzima ya kuongoza. Mzazi hahitaji kutafsiri Shakespeare. Kumsimulia mtoto sura moja aliyoipenda, wakati wa kumenya ndizi, ni kazi ya namna ileile.

Mzazi anayetaka kuanza hahitaji kabati la vitabu. Atafute watu wawili anaowaamini, kila mmoja anunue kitabu kimoja, hata kilichokwisha kutumika shuleni. Wakubaliane siku ya kukihamisha, maana kitabu kisichokuwa na tarehe ya kuondoka hugeuka cha nyumba kilikolala. Mtu mzima akisome kabla ya mtoto, ili ajue kuna nini ndani. Usiku, dakika 20 za kusoma kwa sauti zinatosha, na ni bora kukatisha pale hadithi inaponoga, ili kesho watoto wenyewe wadai. Asiyejua kusoma asiachwe nje. Mara nyingi ndiye mwenye la kusema. Na kitabu kikifungwa, mzazi asianze kuuliza kama mwalimu wa mtihani, nani alifanya nini ukurasa wa ngapi. Aulize, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" kisha asubiri, hata ukimya ukirefuka.

Takadini sasa kina jalada la tatu na kurasa mbili zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi. Karatasi ya majina imeongezewa jina la nne, kwa mwandiko wa mtoto. Swali lake halijaandikwa bado. Amesema anasoma mara ya pili kwanza.