Kahawa ya Eastleigh na Asili ya Jina Lake

Mtaa wa Eastleigh, ulio mashariki ya mji wa Nairobi, ulianzishwa mwaka 1921. Wengi huufikia leo kwa ajili ya maduka yake ya nguo, lakini mgeni asiye na haraka na aingie katika mikahawa ya Waethiopia. Huko buni hukaangwa mbele yake, hutwangwa, kisha hupikwa katika chombo cha udongo chenye shingo ndefu kiitwacho jebena. Kahawa humiminwa mara tatu: ya kwanza huitwa abol, ya pili tona, na ya tatu baraka, neno lisilohitaji mkalimani.

Waoromo huiita kahawa buna. Waarabu huziita punje zake bunn. Nasi twasema buni. Mkulima wa Nyeri, aitapo mbuni ile kahawa iliyoanikwa pamoja na maganda yake, hutamka neno la ukoo huo huo.

Jina la kahawa lina habari ya ajabu zaidi. Katika Kiarabu cha kale, qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya divai. Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, walikunywa kinywaji cha buni wapate kukesha katika ibada, na jina lile likakihamia. Ndiyo maana katika Eastleigh, mtaa wa Waislamu wengi, jina la kale la divai hutajwa mchana kutwa pasipo dhambi.

Wafaransa nao wana divai nyeupe isiyo tamu iitwayo Chablis, kwa jina la mji mdogo ambako mizabibu yake hulimwa. Watu wa California walilitia jina hilo katika divai zao wenyewe. Lakini kwa sheria ya Ufaransa ya mwaka 1938, asiyelima huko hana ruhusa ya kulitumia. Kahawa ya Yemen haikulindwa hivyo. Wanunuzi wa Ulaya waliiita Mokha, kwa jina la bandari iliyoipakia, na milima iliyoizaa haikutajwa.

Basi, ndugu wakulima, tufikiri. Kahawa yetu nyingi huenda ng'ambo ikiwa mbichi, na huko mara nyingi huchanganywa na ya nchi nyingine. Tuichume ikiwa nyekundu, tuitenge na mbuni, na tudai jina la kilima chetu liandikwe. Husemwa kwamba chema chajiuza. Lakini chema kisicho na jina humtajirisha mwingine.