Bururi: Msitu Mdogo Ulio Juu ya Ziwa

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini huwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, hata afike Rumonge, mwendo wa kilomita 73 hivi. Njiani huvipita vilima vya Bugarama, vilivyolimwa mihogo na migomba hata kwenye miteremko mikali. Rumonge ni mji wa mawese na dagaa, tena ni mmoja wa miji ya Burundi ambamo Kiswahili husemwa sokoni na majumbani.

Hapo barabara ya Bururi huligeuzia ziwa kisogo na kuanza kupanda. Joto la pwani hubaki nyuma, michikichi hupungua, na ukungu hushuka. Hatimaye hutokea msitu wa Bururi, ambao vilele vyake hufika mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, hali ziwa liko kwenye mita 770 tu.

Msitu huu ni hifadhi ya asili yenye hekta 3,300 hivi. Ukilinganishwa na hifadhi ya taifa ya Kibira, yenye hekta 40,000, ni kama shamba kando ya kijiji. Hata hivyo, ndani yake wamo sokwe, nyani na ndege wengi. Mgeni asitarajie kuwaona sokwe kwa urahisi. Mara nyingi atasikia kelele zao tu ng'ambo ya bonde.

Sifa ya msitu huu ilienea mwaka 2011, watafiti walipompata humo chura mdogo mweusi mwenye rangi ya buluu, aliyekuwa hajaonekana tangu mwaka 1949. Dume lake lina kidole kimoja kirefu kupita vingine. Kwa miaka 62 wataalamu hawakujua kama angali hai, kumbe msitu ulikuwa umemhifadhi.

Lakini chura siye pekee anayeutegemea msitu. Mizizi ya miti huushika udongo, na majani yaliyooza huyanywa maji ya mvua na kuyaachia polepole katika vijito. Mahali ambapo miti imekwisha, mvua hubeba udongo hadi ziwani na kuyachafua mazalio ya samaki. Mwezi Machi 2015, huko Gitaza, kaskazini ya Bugarama, matope na mawe yaliporomoka kutoka mlimani, yakaua watu na kuifunga barabara ya ziwani.

Wakati huohuo, mama anayeishi pembeni mwa msitu anahitaji kuni kila siku, na mumewe anatafuta ardhi ya kuwarithisha wanawe. Kumkataza pasipo kumpa njia nyingine hakutoshi. Miti ya kuni ipandwe mashambani, na majiko yatumiayo kuni chache yaenezwe, ili ulinzi wa msitu usiwe njaa ya jirani yake.

Familia itakayo kuzuru huko ichague kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wakati njia si telezi. Ichukue sweta, viatu imara na chakula, na iingie pamoja na kiongozi anayeujua msitu. Kuni, maua na wanyama viachwe mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mlima hakuna fundi awezaye kuujenga upya.