Kioo Kilichokataa Kupanda

Marehemu baba aliponiachia gari lake la Kijerumani, la mwaka 1982, kioo cha upande wa dereva kilikuwa kingali kikipanda na kushuka kwa utulivu uleule uliotustaajabisha utotoni, sisi tuliozoea magari ya kuzungusha vioo kwa mkono. Masika moja, ndani ya feri ya Likoni, kilishuka vyema kisha kikakataa katakata kupanda, na mvua ya kusi ikanirowesha ubavu mzima hata tukafika ng'ambo.

Katika gereji niliyoiendea, vijana walichomeka testa kwenye soketi ya mota, ikawaka kwa nuru kamili. Wakahukumu, nami nikaridhia, kwamba umeme unafika na mota ndiyo iliyokufa. Nikanunua mota nyingine, kioo kikapanda kwa uvivu siku tatu kisha kikagoma. Nikanunua ya pili, na swichi juu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yangu zama hizo: kilichoharibika king'olewe, kitiwe kingine.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa Majengo, fundi umeme tangu enzi ambazo mota ilifunguliwa, ikasafishwa, ikabadilishwa kaboni. Baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza hadi mwisho pasi na kushika bisibisi, kisha akauliza, "Kushuka, chashuka?"

"Chashuka, mzee."

"Basi mota ni nzima, mwanangu. Yakosa chakula."

Akanifahamisha kwamba kioo kikishuka, uzito wake wenyewe huisaidia mota, ilhali kukipandisha kwahitaji umeme mwingi, na umeme mwingi haupiti palipobana. Testa nayo hutosheka na umeme haba mno, ndiyo sababu ilituhadaa. Akaweka mita huku nikibonyeza swichi na mota ikijikakamua: betri ilikuwa na volti 12, mlangoni zilifika 4. Akaufuata waya kwa vidole, taratibu, hata penye bawaba, akauvua mpira wake. Ganda la waya lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Lakini alipolichana kwa wembe, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika kwa kukunjwa kila mlango ulipofunguliwa miaka yote ile, zimeota kutu ya kijani kwa unyevu wa chumvi, zimesalia mbili tatu zilizoshikamana.

Akaunga kipande kipya, laini, chenye nyuzi nyingi, na maungo akayaweka mbali na bawaba, kwa kuwa risasi huukakamaza waya, nao ukikunjwa hapo hukatika upya. Nilibonyeza swichi mara kumi au zaidi, kwa furaha tu.

Kisha akaniuliza iko wapi mota ya asili. Ilikuwa kwenye buti, ndani ya gunia. Akaketi akaifungua mapajani, akaiosha kwa petroli grisi iliyoganda, akaipaka mpya, akairudisha mahali pake. Ndiyo inayokipandisha kioo hadi leo. Zile mbili nilizonunua zimo stoo, sijapata kuzihitaji.