Usiku Mumoja Makobola



Katika inchi ya Mongolia, mbali sana huko Asia, kuna wageni wanaosafiri siku nyingi kwa motokari yenye kitanda na jiko ndani. Jua likitua, wanasimama hapo hapo porini na kulala. Sisi wa Fizi hatuna motokari za namna ile. Tunasafiri juu ya magunia, na tukikwama, nyumba yetu ni ya mutu mwingine.

Toka Uvira mpaka Baraka ni kilometa karibu 90, kwa njia ya taifa namba 5. Kushoto ni ziwa Tanganyika, lenye kina cha metre 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal tu, huko Urusi, kaskazini ya Mongolia, linalolipita kwa kina. Kuume ni milima. Mvua ikinyesha kule juu, mito inajaa gafula, hata kama huku chini ni jua. Kwa hiyo shofere mwenye akili hakimbilii maji. Anatuma kijana kwanza, apime kwa fimbo.

Mwaka mumoja, mwezi wa ine, kamio yetu ilizama katika matope Makobola. Tulichimba, tukatia mawe na matawi, lakini magurudumu yalizidi kushuka. Usiku ukaingia na mvua ikarudi. Tulikuwa watu kumi na mumoja, na watoto kati yetu.

Basi mama mumoja akafungua mulango, akainua taa. Akaita watoto kwanza, kisha sisi wote. Akasonga bugali, akapika ndagala, akatandika mikeka.

Munajua kijiji hiki. Toka tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za 1999, wakati wa vita, askari waliua mamia ya watu Makobola na vijiji vya kando yake. Mama huyu alizika watu wake wakati ule. Asubuhi nikamwuliza: «Mama, haukuogopa kufungulia wageni usiku?»

Akajibu: «Niliogopa sana, Baba Muchungaji. Lakini nilisikia mutoto analia.»

Nikatoa pesa, akakataa. Wanaume wa kijiji wakaleta kamba na majembe, na saa ine kamio ikatoka. Tukaendelea kupitia Mboko na Lusenda, tukafika Baraka jioni.

Vijana, mukipita pale, musipite kama watu wasioona. Mukwame ao musikwame, mushuke, musalimie wazee. Mukiota moto wa mutu, muache kuni.

Mimi nikipita, ninaomba shofere asimame kidogo. Ninamupelekea mama yule chumvi na sabuni. Pesa alikataa, lakini chumvi hajakataa hata siku moja.